Banda dogo la muda la kuoneshea sanaa mahali pa wazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfano unaotumika ukurasa mzima ni banda lenye upana wa mita 3.66, kina cha mita 2.44 na kimo cha mita 2.44. Lina kuta tatu na paa, upande wa mbele uko wazi, na litasimama wiki mbili. Vipimo hivi vinatokana na karatasi ya plaiwudi ya kawaida, sentimita 122 kwa 244, ili kuta na sakafu vikatwe bila kubakiza vipande vya kutupa.

Nianze na umbo la banda au na kazi za sanaa?

Anza na kazi. Banda lililochorwa kwanza, kisha likatafutiwa vya kutundika, karibu kila mara huishia na picha kubwa kwenye ukuta mwembamba na sanamu mlangoni. Andika orodha: kila kazi ina ukubwa gani, ina uzito gani, imetengenezwa kwa nini, na inaweza kustahimili nini kati ya jua, unyevu, vumbi na mikono ya watu. Safu ya mwisho ndiyo inayoamua kama unahitaji kuta na paa au hapana.

Swali hilo si dogo. Kila ukuta unaosimamisha ili kuikinga kazi ni tanga mbele ya upepo, na utaulipia kwa uzito wa kulishikilia banda chini. Sanamu ya chuma au ya zege haihitaji paa. Ukiiwekea, umejinunulia tatizo bure.

Ukubwa gani unatosha?

Pima kwa jicho la mtazamaji. Picha hutazamwa vizuri kutoka umbali wa mara 1.5 hadi 2 ya mshazari wake, yaani urefu kutoka kona hadi kona ya mkabala. Picha ya sentimita 100 kwa 70 ina mshazari wa sentimita 122, kwa hiyo mtazamaji anataka kusimama mita 1.8 hadi 2.4 kutoka ukutani. Katika banda la mfano, picha kubwa hukaa ukuta wa nyuma, hutazamwa hata na anayepita nje, na kuta za pembeni huachiwa kazi ndogo.

Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji duara la kipenyo cha sentimita 150 ili ageuke, na njia isiyopungua sentimita 90. Duara hilo likishachorwa ndani ya mita 3.66 kwa 2.44, utaona kwamba hakuna nafasi ya kitako cha sanamu katikati. Kiweke kona ya nyuma au kitoe nje. Watu wanne ndani kwa wakati mmoja wanatosha, wa tano anaanza kuziba picha.

Upepo una nguvu kiasi gani kweli?

Hili ndilo swali ambalo watu huliruka, nalo ndilo linaloangusha mabanda. Shinikizo la upepo kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) kwa kila mita ya mraba ni takriban 0.6 mara kasi, mara kasi tena, kasi ikiwa mita kwa sekunde. Upepo wa mita 20 kwa sekunde unatoa 0.6 × 20 × 20, yaani nyutoni 240. Kwa kuwa upepo husukuma upande mmoja na kuvuta upande wa pili, zidisha kwa 1.3.

Ukuta mrefu wa mfano wetu una mita za mraba 8.9. Nguvu ya kusukuma ni 240 × 8.9 × 1.3, karibu nyutoni 2,780. Paa, pamoja na sehemu inayochomoza mbele, lina mita za mraba 11. Upepo ukiingia kwa mbele hujaa ndani na kulinyanyua kwa nyutoni 3,430 hivi, sawa na kuinua kilo 350.

Sasa kuna hatari mbili, kupinduka na kuteleza. Watu huhesabu kupinduka tu. Ukiweka usalama wa mara moja na nusu, banda hili linahitaji uzito wa jumla wa kilo 950 hivi lisipinduke. Lakini juu ya sakafu laini ya vigae au zege, ambako msuguano na mbao ni karibu 0.4, linahitaji takriban kilo 1,590 lisiteleze. Banda lenyewe la mbao na plaiwudi lina kilo 450. Zinabaki kilo 1,140 za kuongeza.

Hesabu hii ni ya awali, ya kukusaidia kuchagua umbo. Kabla ya kujenga, mhandisi aipitie kwa kasi ya upepo ya eneo lako, kwa sababu majengo marefu ya jirani na vichochoro huukaza upepo kuliko uwanja ulio wazi.

Kilo 1,140 ni nyingi mno. Nipunguze vipi?

Zipo njia nne, na zinaweza kuchanganywa.

Weka mpira mgumu chini ya miguu. Msuguano ukipanda hadi 0.6, uzito wa jumla unashuka kutoka kilo 1,590 hadi 1,230 hivi. Hakuna njia rahisi kuliko hii.

Ondoa paa. Nguvu ya kunyanyua ikitoweka, uzito wa kuongeza unashuka hadi kilo 660 hivi, hata bila mpira.

Toboa kuta au ziachie nafasi. Kuta za mbao zilizoachana huruhusu sehemu ya upepo kupita, ingawa si kwa kiwango ambacho wengi hudhani. Tundu chache zilizokatwa kwenye turubai hazisaidii kitu.

Fanya kuta ziweze kutolewa, na uweke kanuni ya kuzitoa. Shinikizo hufuata kasi mara kasi, kwa hiyo kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde nguvu zote ni asilimia 36 tu ya zile za mita 20. Banda hilohilo lingehitaji kilo 570 kwa jumla, yaani 120 tu za kuongeza. Sharti lake ni gumu: lazima awepo mtu mwenye kipima upepo, mwenye ruhusa ya kufunga banda bila kumwuliza yeyote, na kuta ziwe zinatoka kwa dakika 10. Usiku ambapo hakuna mlinzi, kuta zitolewe hata kama anga ni shwari. Na fremu tupu inayobaki nayo ihesabiwe kwa upepo mkali.

Uzito uwe wa nini, na uwekwe wapi?

Zege ni bora. Mita moja ya ujazo ina kilo 2,400, kwa hiyo bonge la sentimita 40 kila upande lina kilo 154 na manane yanatosha kwa mfano wetu. Ila bonge la namna hiyo halibebwi kwa mikono, linataka kitoroli cha kunyanyulia. Vigae vya zege vya sentimita 50 kwa 50, unene wa 5, vina kilo 30 kila kimoja na hubebwa na watu wawili. Vigae 38 vilivyopangwa tabaka mbili ndani ya fremu ya sakafu huupa uzito wote mahali pasipoonekana wala kumkwaza mtu.

Mapipa ya maji yanavutia kwa kuwa lita moja ni kilo moja na hujazwa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba huvuja, hutobolewa, na pipa lililobaki nusu linaonekana sawa na lililojaa. Ukiyatumia, yakaguliwe kila asubuhi. Mifuko ya mchanga hupasuka kwa jua baada ya wiki chache.

Uzito usiofungwa kwa bolti kwenye nguzo au fremu haushikilii chochote. Vigae vilivyolala sakafuni huku kuta zimesimama kwa misumari vitabaki palepale, kuta zikiruka peke yake.

Kwa nini nisipige vigingi ardhini?

Kwenye nyasi inawezekana, kama mwenye eneo ameruhusu na umeoneshwa ramani ya mabomba na nyaya zilizopita chini. Kigingi kinachonyooka wima hung'oka kirahisi, kwa hiyo kipigwe kikiwa kimeinama, kichwa kikielekea mbali na banda. Kabla ya kutegemea vigingi, jaribu kimoja kwa kukivuta na mizani ya kuning'iniza. Udongo uliolowa baada ya mvua hushika sehemu ndogo tu ya nguvu ya udongo mkavu, na mvua na upepo huja pamoja. Usipige karibu na mti: mizizi ikikatwa, mti hauonekani kuumia hadi wewe umeshaondoka.

Banda lielekee upande gani?

Upande ulio wazi usitazame mashariki wala magharibi. Jua la chini la asubuhi na jioni huingia moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma, na hakuna upenu wa kulizuia. Kisha angalia upepo unakotoka mara nyingi, mgongo wa banda uuelekee. Mambo haya mawili yakigongana, jua lishughulikiwe kwa pazia la matundu, upepo upewe kipaumbele.

Picha zenye kioo zilizo mkabala na upande wa wazi zitaonesha barabara na magari badala ya kazi ya msanii. Ziinamishe kidogo mbele, au zihamishie ukuta wa pembeni.

Naweza kuonesha kazi halisi, au nitumie nakala?

Kwa michoro ya karatasi, rangi za maji, nguo na picha za kamera zilizochapwa, tumia nakala. Kiwango cha mwanga kinachokubalika kwa kazi za aina hiyo ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kwa michoro ya mafuta karibu luksi 200. Jua la wazi linafika luksi 100,000, na hata anga lenye mawingu huweza kutoa 10,000. Saa moja ya jua kali juu ya rangi ya maji ni sawa na saa 2,000 za jumba la makumbusho lenye luksi 50. Msanii anayesema "ni wiki mbili tu" aoneshwe hesabu hiyo.

Nakala iliyochapwa kwa wino unaostahimili jua juu ya bamba lenye ngozi mbili za alumini na moyo wa plastiki haipindiki wala hainyonyi maji, unene wa milimita 3 ukitosha. Kanvasi halisi ikilazimika kuwepo, ikae ukuta wa nyuma kivulini, mbele yake karatasi ya akriliki yenye kichujio cha miale ya urujuanimno, na irudishwe ndani kila jioni.

Mvua je? Paa si linatosha?

Halitoshi. Mvua yenye upepo huanguka kwa mlalo. Ikianguka kwa nyuzi 45, upenu wa sentimita 60 hukinga sentimita 60 tu za juu ya mwanya wa mbele, na maji huingia karibu mita 1.8 ndani, kwenye sakafu. Kwa hiyo usitundike kitu kwenye sehemu ya kuta za pembeni iliyo karibu na mlango, na ukuta wa nyuma kazi zianzie angalau sentimita 80 kutoka chini.

Paa la bati liwe na mteremko wa nyuzi 5 au zaidi, kuelekea nyuma, kamwe si juu ya vichwa vya wanaoingia. Turubai lataka mteremko mkubwa zaidi na livutwe likaze, kwa sababu likilegea maji hutuama. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30 juu ya paa letu ni lita 330. Zikituama, ni kilo 330 katikati ya turubai, na turubai linavyozidi kuzama ndivyo linavyopokea zaidi.

Asubuhi chini ya bati hutokea umande unaodondoka. Acha mwanya wa sentimita 15 kati ya kuta na paa, uuzibe kwa wavu wa kuzuia ndege. Mwanya huohuo hutoa joto mchana.

Viungo viwe vya aina gani?

Bolti. Misumari na skrubu za mbao hulegea kila zinapotolewa na kurudishwa, na banda la muda maana yake ni kufungwa na kufunguliwa. Kwa mbao za inchi 2 kwa 4 tumia bolti za milimita 10 zenye washa pana (vibati vya duara vyenye tundu) pande zote mbili, bila hivyo kichwa cha bolti huzama ndani ya mbao. Matundu yawe milimita 11, kwani mbao zikinyonya unyevu hutanuka na bolti hukwama.

Kila ukuta ni fremu yenye nguzo kila sentimita 61, ikipigwa plaiwudi ya milimita 12 upande wa ndani. Kipande kimoja cha sentimita 122 kwa 244 kikiwa na fremu yake kina kilo 40 hivi, watu wawili hubeba. Sakafu ni plaiwudi ya milimita 18. Plaiwudi iwe ya gundi isiyoharibiwa na maji, na kingo zake zipakwe rangi mara mbili, maana huko ndiko maji huingilia.

Ukuta wa mbele haupo, kwa hiyo hakuna kinachozuia banda kulala upande kama sanduku lililong'olewa kifuniko. Weka pembetatu za plaiwudi, sentimita 50 kila upande, kwenye kona za juu za mbele, au boriti nzito ya mbele iliyofungwa kwa bolti mbili kila mwisho. Bolti moja ni bawaba.

Nitundike kazi kwa urefu gani, na kwa njia gani?

Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kama watoto na watu wa viti vya magurudumu ni wengi, shusha hadi 130. Lebo zikae kati ya sentimita 100 na 140, herufi zisomeke mtu akiwa umbali wa mita 1.

Njia bora ni vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kwa nyuzi 45, kimoja ukutani na kingine nyuma ya picha, kimoja kikikalia kingine. Picha hupandishwa kwa sekunde chache, kisha hufungwa chini kwa skrubu moja yenye kichwa kisichotolewa kwa bisibisi ya kawaida. Njia hii pia huacha sentimita 2 za hewa nyuma ya picha, jambo linalozuia ukungu. Kamba na ndoano havifai mahali pa wazi: picha hucheza na upepo siku nzima na kuchubua ukuta.

Mteremko wa kuingilia unahitaji nafasi gani?

Kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, sentimita 12 za urefu. Sakafu ya sentimita 15 inadai mteremko wa sentimita 180, upana wa 90 au zaidi, na kingo ndogo pembeni ili gurudumu lisitoke. Ndiyo sababu inafaa kuishusha sakafu kadiri inavyowezekana. Mteremko usahauliwao kwenye mchoro huishia katikati ya njia ya waenda kwa miguu.

Taa za usiku zinahitaji umeme wa kuvutwa?

Si lazima. Taa 6 za LED za vati 5 kwa saa 5 zinatumia vati-saa 150. Betri ya volti 12 ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, hivyo chukua ya saa-ampia (Ah) 30. Ya lithiamu, 20 inatosha. Ukivuta umeme wa kawaida, weka swichi inayokata mkondo ukivuja miliampia 30, na nyaya zipite juu au ndani ya kifuniko, zisipite chini ya zulia.

Ruhusa zianze lini?

Wiki 8 hadi 12 kabla, kwa mwenye eneo, zimamoto na mamlaka ya mji. Pelekeni mchoro wa eneo wenye vipimo, hesabu ya upepo iliyosainiwa, cheti cha turubai lisiloshika moto haraka, na mpango wa kufunga banda hali ya hewa ikibadilika. Acheni njia ya karibu mita 4 kwa gari la zimamoto. Ombi linalokataliwa mara nyingi ni lile lenye picha nzuri ya kompyuta na mchoro usio na kipimo hata kimoja.

Kujenga kunafuata utaratibu gani?

Kwanza karakanani: lisimamishe lote mara moja, andika kila kipande namba na mshale wa kuonesha juu, piga picha, kisha lifungue. Siku ya uwanjani, piga picha za ardhi ilivyo kabla hujagusa kitu. Panga miguu na vipande vya mpira, sawazisha fremu ya sakafu kwa pima maji, hakikisha mishazari miwili ya sakafu ina urefu sawa (kwa mfano wetu, karibu sentimita 440). Wekeni uzito na mfunge. Ndipo ukuta wa nyuma, kuta za pembeni, boriti ya mbele, paa. Uzito ukiwekwa mwisho, kuna saa kadhaa ambazo kuta zimesimama bila kushikiliwa, na ajali nyingi hutokea hapo. Watu wanne wenye mazoezi humaliza kwa siku moja.

Kazeni bolti tena baada ya saa 24, kisha kila wiki.

Kama ni kazi za sanamu tu, kuna mifano ya kuangalia?

Ipo miwili mizuri, yote ya bustani ya Sonsbeek mjini Arnhem, Uholanzi. Mwaka 1955 msanifu majengo Gerrit Rietveld alijenga huko banda la maonesho ya sanamu kwa matofali ya zege na kioo, lenye nafasi zilizofunikwa nusu na kuachwa wazi nusu. Mwaka 1966 msanifu mwingine, Aldo van Eyck, alisimamisha kuta zinazokwenda sambamba, zikijikunja hapa na pale, chini ya paa linalopitisha mwanga. Yote mawili yalibomolewa maonesho yalipokwisha, na baadaye yakajengwa upya kwenye bustani ya jumba la makumbusho la Kröller-Müller, la Rietveld mwaka 1965. Yatazame kwa jambo moja: kuta zinampangia mtu mahali pa kusimama bila kumfungia ndani.

Kubomoa kunaharibikia wapi?

Watu wamechoka, wasanii wanataka kazi zao leo, na gari limekuja mapema. Toa kazi zote kwanza, zihesabiwe na kusainiwa, ndipo spana iguswe. Fungueni kinyume cha mlivyojenga, uzito ukitoka mwisho kabisa. Bolti za kila ukuta ziingie mfuko wake wenye namba ileile ya ukuta. Nyasi zilizofunikwa wiki mbili zitakuwa zimegeuka manjano, kwa hiyo makubaliano ya nani anazimwagilia au kuzipanda upya yaandikwe kwenye ruhusa tangu mwanzo, pamoja na zile picha za ardhi ilivyokuwa.